Santuri za Zambia zimetupita mpakani

Anayevuka Tunduma kwenda Nakonde na magunia ya mchele hana habari na santuri. Hata mimi sikuwa nazo, mpaka nilipokutana na "Africa", albamu ya kundi la Amanaz iliyotoka Zambia mwaka 1975. Gitaa linakwaruza, besi inachezesha miguu. Fanki na roki katika chungu kimoja. Wenyewe wanauita Zamrock.

Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles imeitoa upya kwa toleo la kifahari: santuri mbili zenye nyimbo zilezile, moja sauti kavu, nyingine yenye mwangwi.

Bei ya shaba ilipoanguka miaka ile ya sabini, pesa ya kununua muziki ikaadimika. Baadaye UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi. Santuri zikabaki kwenye maboksi zikila vumbi, hadi wanunuzi wa mbali walipokuja kuziulizia.

Siwalaumu. Walijua mali. Lawama ni kwetu, tunaojua bei ya mahindi pande zote mbili za mpaka, lakini mzigo huu hatukuuona, ingawa Musi-O-Tunya, kundi jingine la Zambia, lilikuja kurekodi Nairobi. Soko lilikuwa mlangoni.

Kwa hiyo mwenye boksi la santuri kuukuu, awe Ndola au Mbeya, aulize bei kwanza kabla ya kuliuza kwa jumla. Na mwanamuziki mzee akiletewa karatasi, akodishe haki zake kwa miaka inayohesabika. Asiziuze moja kwa moja.