Viongeza Oktani na Injini za Nairobi: Nani Alipie Ubora wa Petroli?

Swali la iwapo viongeza oktani vinastahili kutumiwa katika magari ya kasi lina uzito wa pekee jijini Nairobi, kwa sababu mengi ya magari hayo yaliundwa kwa ajili ya petroli ya nchi nyingine. Subaru Impreza WRX STI, Legacy GT, Forester yenye turbo na Mitsubishi Lancer Evolution, yaliyofika hapa baada ya kutumika Japani, yalipangwa kiwandani kuchoma petroli ya daraja la juu ya nchi hiyo, ambayo kwa kiwango cha kitaifa haipaswi kupungua oktani 96 na ambayo katika vituo vingi hukaribia 100, ilhali supa ya kawaida inayouzwa Kenya iko chini ya hapo. Pengo hilo ndilo linaloyapa soko maji ya chupa ndogo katika maduka ya vipuri, ambayo mwenye gari huambiwa ayamimine ndani ya tangi ili injini irudishiwe nguvu zake. Kwa wengi wanaoinunua, chupa hiyo haina faida. Kwa wachache ina faida ndogo kuliko inayodaiwa. Na katika hali zote inamwachia mteja mmojammoja kazi ambayo kwa haki ni ya yule anayeagiza, kupima na kuuza petroli.

Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo na joto bila kujiwakia yenyewe. Ndani ya silinda, pistoni hugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi hutoa cheche, na moto husambaa kwa mpangilio kuelekea kuta za silinda. Lakini ikiwa mchanganyiko uliosalia pembeni utajiwakia kabla moto huo haujaufikia, shinikizo hupanda ghafla na injini hutoa mlio wa kugonga, ambao mafundi huuita kunoki. Kugonga huko kukiwa kukali na kukidumu, hupasua pistoni na kuunguza gasketi ya kichwa cha injini. Mwaka 1926 mkemia Graham Edgar, wa kampuni ya Ethyl ya Marekani, alipendekeza kipimo ambacho kingali kinatumika, ambamo heptani, inayogonga upesi, ilipewa sifuri, na isooktani, inayostahimili sana, ikapewa 100, hivi kwamba petroli ya oktani 95 ni ile inayogonga sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu wingi wa nishati. Ethanoli, kwa mfano, ina oktani inayozidi 105, na bado lita yake moja ina nishati pungufu kwa takriban theluthi moja ikilinganishwa na lita ya petroli.

Kutokana na maelezo hayo ni wazi kwamba oktani ya ziada huleta nguvu pale tu ambapo injini ilikuwa ikijizuia kwa kukosa oktani. Magari ya kisasa yana sensa inayosikiliza mlio wa kugonga, na kompyuta ya injini ikiupokea mlio huo huchelewesha cheche ya plagi, na katika injini yenye turbo hupunguza pia shinikizo la hewa, ili kuiokoa pistoni. Nguvu hupungua na ulaji wa petroli huongezeka. Injini iliyo katika hali hiyo ikipewa oktani ya juu hurudia mpangilio wake wa awali. Ambayo haikuwa ikigonga haina cha kurudia. Toyota Mark X ya lita 2.5 inaonyesha jinsi jina la gari linavyoweza kumpotosha mwenye nalo: kizazi cha kwanza kilidai petroli ya daraja la juu ya Japani, lakini katika kizazi cha pili, kilichoanza kuuzwa mwaka 2009, injini hiyo ilirekebishwa ili itumie petroli ya kawaida ya nchi hiyo, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 89. Anayeimwagia Mark X ya aina hiyo kiongeza oktani kwa kuwa jirani mwenye Mark X ya zamani hufanya hivyo, anaitibu injini isiyoumwa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa chupa hawalitaji, nalo ni mwinuko wa jiji lenyewe. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo shinikizo la hewa ni takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kama ilivyo, hivyo hujaza silinda kwa hewa pungufu, mgandamizo wa mwisho huwa mdogo, na haja ya oktani hushuka. Ni kwa sababu hiyo majimbo ya milimani ya Marekani yamekuwa yakiuza kwa miaka mingi petroli ya daraja la chini kuliko ile ya majimbo ya pwani. Gari lisilo na turbo ambalo haligongi likipanda Ngong Road linaweza kuanza kugonga likifika Mombasa kwenye hewa nzito na joto kali, hata kama petroli ni ileile. Turbo hubadilisha hesabu hii kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa kazi yake ni kuisukuma hewa mpaka shinikizo lililopangwa lifikiwe, na mahali palipoinuka hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, ikaitia hewa joto zaidi. Wenye haki ya kuwa na wasiwasi Nairobi, basi, ni wenye injini za turbo zilizopangwa kwa petroli ya Japani, ambao ni sehemu ndogo ya wanunuzi wa chupa hizo.

Hata hao wanapaswa kuisoma lebo kwa makini. Chupa nyingi hudai kuongeza oktani kwa pointi kadhaa, na katika lugha ya biashara hii pointi moja mara nyingi ni sehemu moja ya kumi ya namba ya oktani, hivi kwamba pointi 30 ni namba tatu tu, na hizo hupatikana kwa tangi la ukubwa uliochaguliwa na mtengenezaji. Hesabu ya kawaida inaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuzifikia. Toluini, kiyeyushi ambacho ni kiungo kikuu cha baadhi ya chupa hizo, ina oktani ya takriban 120. Ikichukuliwa kwamba tangi la lita 50 lina petroli ya oktani 93, na mwenye gari anataka kufika 95, atahitaji lita 3.7 hivi za toluini katika ujazo wote, wala si mililita 300. Chupa ya mililita 300 ya toluini tupu ingeipandisha petroli hiyo kwa chini ya sehemu mbili za kumi za namba moja, tofauti ambayo hakuna sensa wala dereva anayeweza kuitambua.

Chupa ndogo inayofanya kazi kwa kweli huwa na metali ndani yake. Kampaundi ya mangani ijulikanayo kama MMT hupandisha oktani kwa kipimo kidogo sana, na ndiyo iliyomo katika viongeza vingi vyenye nguvu. Nyingine hutumia feroseni, ambayo ni kampaundi ya chuma. Tatizo ni kwamba metali haiungui ikatoweka. Hubaki kama masizi yenye rangi ya kutu juu ya ncha ya plagi, ambayo fundi aliyezoea huitambua mara tu anapoifungua, na masizi hayo yakizidi hupitisha umeme na kuifanya plagi ikose cheche, hasa injini inapokuwa katika mzunguko wa juu, yaani wakati uleule ambao mwenye gari alitaka nguvu. Mengine huganda kwenye sensa ya oksijeni na kwenye katalisti, kifaa cha bomba la moshi kinachopunguza gesi za sumu. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa mangani katika petroli kuwa miligramu 6 kwa lita mwaka 2011, kisha ukaushusha hadi miligramu 2 mwaka 2014. Kinachotoka nje ya bomba ni vumbi laini la oksidi ya mangani, metali ambayo ikivutwa kwa wingi na kwa muda mrefu huharibu mfumo wa neva, kama ilivyoonekana kwa wafanyakazi waliosaga madini hayo tangu karne ya 19.

Afrika Mashariki haina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa wepesi, kwa kuwa kiongeza oktani kilichoenea kuliko vyote katika historia kilikuwa risasi. Thomas Midgley, akifanyia kazi General Motors, aligundua mwaka 1921 kwamba tetraethili ya risasi huzuia kugonga, na kwa zaidi ya miaka 80 watoto wa mijini waliivuta sumu hiyo ili injini zipate mgandamizo wa juu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 Kenya nayo ilikuwa imeacha kuuza petroli yenye risasi. Kazi hiyo iliratibiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, jijini Nairobi, na haikukamilika duniani hadi Algeria ilipoacha mwaka 2021. Mafanikio hayo yalipatikana kwa kubadilisha petroli yenyewe, si kwa kumshauri kila dereva achague chupa bora.

Mwenye gari la turbo anayejali injini yake ana njia zenye uhakika zaidi. Ya kwanza ni kulipeleka gari kwa fundi anayeelewa kompyuta ya injini ili mpangilio wa cheche na wa turbo uandikwe upya kwa kufuata petroli inayopatikana hapa. Gharama yake ni kubwa kwa siku moja, lakini hulipwa mara moja, wakati chupa hununuliwa kwa kila tangi. Ya pili ni kutumia petroli ya daraja la juu inayouzwa na baadhi ya makampuni makubwa, ambayo huchanganywa kwa vipimo na kukaguliwa kabla haijafika kituoni. Chupa ina nafasi yake halali kwa dereva aliyejaza petroli mbaya safarini na anayehitaji kufika salama, na kwa mshindani wa mbio ambaye fundi wake amepima mchanganyiko na kubadilisha plagi mara kwa mara. Nje ya hapo ni vigumu kuitetea.

Petroli mbaya ndiyo inayoliunganisha swali hili na watu wasio na gari. Mafuta taa yana oktani ya chini mno, na mchanganyiko wa hata asilimia 5 ndani ya petroli hushusha oktani kwa namba kadhaa, kiasi ambacho chupa ya kawaida haiwezi kukirudisha. Kwa miaka mingi wachakachuaji walinufaika na tofauti ya bei kati ya mafuta taa, yaliyotozwa kodi ndogo kwa sababu ni nishati ya maskini, na petroli na dizeli. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliziba tofauti hiyo kwa kuweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, uliopewa jina la ushuru wa kuzuia uchakachuaji. Kichocheo cha udanganyifu kilipungua, na injini nyingi zikanusurika. Lakini katika Lindi, mojawapo ya vijiji vinavyounda Kibera, mafuta taa hununuliwa kwa vipimo vidogo vya kupikia chakula cha jioni, na aliyelipa shilingi hizo ni mpishi ambaye hakuwahi kuchanganya chochote. Ulinzi wa pistoni za magari ya kasi uligharimiwa kwa sehemu kwenye jiko la chumba kimoja, na haifai mjadala wa oktani uendeshwe kana kwamba hilo halikutokea.

Njia nyingine ya kuzuia uchakachuaji ipo. Kemikali za utambulisho ambazo mdhibiti huagiza zitiwe katika mafuta taa humwezesha mkaguzi kuyagundua ndani ya petroli kwa kiasi kidogo mno, na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli ina uwezo wa kisheria wa kukifunga kituo kinachokutwa na hatia. Mamlaka hiyo hutangaza bei ya juu ya kila lita tarehe 14 ya kila mwezi, na hakuna sababu ya kiufundi inayoizuia kudai kwamba kila pampu ionyeshe, kando ya bei hiyo, namba ya oktani ambayo kituo kinaithibitisha, ili mwenye Subaru ajue anachonunua kabla ya kuwaza chupa na mkaguzi awe na ahadi iliyoandikwa ya kukishtaki kituo. Ukaguzi wa namna hiyo ungegharimiwa na leseni za wauzaji pamoja na faini za wanaovunja sheria, na Bunge lingeweza kuufuta ushuru wa shilingi 18.