SEHEMU YA 6: "Utafiti unaonyesha..." Wa nani? Wa mwaka gani?



Wanafunzi wa uuguzi wakiandika ripoti zao, kitu kinachowatoa jasho ni marejeo. Jina la mwandishi, mwaka kwenye mabano, kichwa cha kazi, nani kachapisha. Nukta ikikaa vibaya unarudishiwa. Wengi wanaona ni usumbufu wa walimu tu. Mimi naona kila mama anayahitaji hayo mambo manne, hata kama hajakanyaga chuo.

Chukua mwaka peke yake. Zamani Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 4 hadi 6. Mwaka 2001 likabadilisha: miezi 6 kamili, bila maji wala uji, labda dawa aliyoandikiwa. Kwa hiyo bibi anayesema "miezi 4 inatosha, mpe uji" si mwongo. Ndivyo walivyofundishwa enzi zake. Huna haja ya kugombana na mama mkwe, mwambie kwa upole, "Mama, ushauri ulishabadilika."

Sasa njoo kwenye zile meseji za magrupu: "Utafiti wa Uingereza umeonyesha chanjo ya surua inaleta usonji." Jina hakuna, mwaka hakuna. Andiko lenyewe ni la Andrew Wakefield na wenzake, 1998, kwenye jarida la The Lancet. Watoto 12 tu! Kwa kuwa lilikuwa na jina, mwaka na jarida, watu walilifuatilia. Mwaka 2010 jarida likalifuta, na mwaka huohuo Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark wakatoa matokeo ya watoto zaidi ya 650,000: chanjo haikuongeza usonji. Anayekutumia habari ile bila mwaka anakunyima hiyo 2010, hata kama hakukusudia. Na surua inaua watoto.

Najua mtasema, "Nesi, hata rejea inaweza kuwa ya uongo." Kweli kabisa. Kuwa na rejea hakulifanyi jambo liwe kweli, ila kunakupa pa kuanzia kulikagua. Habari isiyo na rejea utaikagulia wapi?

Basi, kabla hujamnywesha mtoto kitu au hujaruka tarehe ya kliniki kwa sababu ya meseji, uliza: Nani kasema? Lini? Alisema nini hasa? Kaandika wapi? Ukikosa majibu, usiisambaze. Njoo nayo kituoni na simu yako tuisome wote.

Na wauguzi wenzangu, hapa Nakapanya na kwingine: mama akiuliza "hiyo umeitoa wapi?" tusinune. Huyo anamlinda mwanae. Mwonyeshe mwongozo, na mwaka wake.

Kadi ya mtoto ipo karibu? Angalia surua-rubela: miezi 9, kisha miezi 18. Kama imepita, njoo, hatukugombezi.

Sehemu ya 7 inakuja. Mtumie na mama mwenzio 🙏