Usipande mti kwa ajili ya selfi, Lamu ina chumvi

Ukishuka gatini Lamu na kukata kichochoro kuelekea Ngome, unatokea kwenye uwanja uitwao Mkunguni. Hapo wazee hukaa kupiga soga, wachuuzi huuza matunda, na wewe humngoja rafiki ambaye hajawahi kufika kwa wakati. Umewahi kujiuliza jina hilo limetoka wapi? Limetoka kwa mkungu, ule mti wa majani mapana na zile kungu tulizozipasua kwa jiwe tukiwa watoto ili tupate kiini.

Pwani nzima imejaa majina kama hayo. Mombasa kuna Mwembe Tayari, Unguja kuna Mkunazini na Dar es Salaam kuna Mikocheni. Mti ulikuwa mahali pa kukutania, pa kupumzikia na pa kuelekezea mgeni. Sasa tazama mitaa mipya inayopanda nyuma ya Mji wa Kale, au kule Mokowe na Hindi. Mabati, saruji, mchanga unaochoma nyayo. Wajukuu wetu wataipa jina gani? Mabatini?

Kabla sijakunyooshea kidole, wacha nijinyooshee mimi. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili Wakenya wapande miti, katika ule mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mimi na wenzangu tulijitokeza. Tulichimba vishimo, tukapanda, tukapiga picha, tukaposti na zile hashitegi zote. Likes zilikuja kama mvua. Ilipofika Februari, katikati ya jua la kaskazi, nilipita pale kwa bahati tu. Miche yote ilikuwa vijiti. Mingine ilikuwa bado imevaa mfuko wake wa plastiki ardhini. Niliona haya, na ile picha nikaifuta.

Kwa hivyo nasema hivi, na usinikasirikie: tatizo letu vijana si uvivu wa kupanda. Ni kupanda bila kuchagua, na kuondoka tukishapanda. Wahenga walishasema, mpanda ovyo hula ovyo.

Mfano ulio karibu zaidi ni mwarobaini, ambao huku wengi twauita mkilifi. Sina ugomvi nao. Unakua haraka, unavumilia ukame, kivuli chake ni kizuri na majani yake ni dawa nyumba nyingi. Ndiyo maana kila ukiomba mche, unapewa huo. Lakini mizizi yake inatafuta maji mbali, na ndege na popo wanabeba mbegu zake hadi mahali ambapo hakuna aliyeziomba. Mjomba wangu mmoja aliupanda hatua chache tu kutoka kwenye birika la maji ya mvua. Miaka kumi ya kivuli murua, kisha ufa ukaonekana. Maji yakaanza kupotea usiku kucha. Kwenye kisiwa ambako maji ya visima vingi yana chumvi, hilo si jambo dogo. Fundi akaja, mti ukakatwa, birika likazibwa kwa pesa ambazo hazikuwepo. Mti ulihukumiwa kwa kosa la aliyeupanda.

Tena sisi tunaishi kwenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Ukuta wa aina hiyo hauhitaji mti mkubwa unaousukuma ubavuni.

Basi tuchague vipi? Mimi sijasomea kilimo. Niliyonayo nimeyapata kwa bibi yangu na kwa miche niliyoiua. Bibi akiletewa mche huuliza maswali matatu tu: utakunywa maji gani, mizizi yake itakwenda wapi, na utatufaa nini?

Anza na maji. Onja ya kisima chako. Kama yana ukali wa chumvi, usijidanganye na mdimu au mchungwa, maana jamii ya ndimu haiipendi chumvi kabisa. Majani yataungua ncha, kisha yatapukutika. Mkomamanga utavumilia zaidi. Mtende ndio shujaa wa chumvi, ingawa kwa unyevu wa hewa yetu tende zenyewe ni bahati. Mkungu na mvinje zinastahimili upepo wa bahari. Kama una maji ya mvua au ya mfereji ya kutosha, hapo mdimu karibu.

Halafu mizizi. Kiwanda cha nyumba ya Lamu ni kidogo, kwa hivyo kipe mimea ya kiwanda: asmini, mrihani, mkomamanga, mhina. Hii ndiyo mimea mama zetu waliijua. Asmini na mrihani zinaingia kwenye kikuba, mhina unaingia kwenye harusi. Siku hizi tunanunua hina ya paketi iliyotoka ng'ambo huku mmea wenyewe ungeota vizuri pembeni mwa karo. Miti mikubwa, kama mkungu, mkwaju na mwembe, ipelekwe kwenye uwanja, shule, msikiti wenye nafasi, au shamba la Hindi, mbali na birika, choo na ukuta. Na kama una shamba kweli, weka hata mbambakofi mmoja. Hautauvuna wewe, lakini mbao zake ndizo mafundi wetu wamezichonga miaka na miaka.

Swali la tatu ni faida. Mkunazi, kwa mfano, hauombi mengi: jua kali unalo, ukame unauvumilia, watoto wanakula kunazi, na majani yake ndiyo tunayoyatafuta mbio mbio siku ya msiba ili kuosha maiti. Mtaa mzima hukosa hata mmoja, tunaanza kubisha milango. Kwa nini kila mtaa usiwe na mkunazi wake?

Najua utaniambia: "Bro, hayo ni ya wazee. Mimi nataka ile michikichi ya mapambo niliyoiona kwenye hoteli." Sawa, ni haki yako. Lakini hoteli ina mtunza bustani na bomba la maji. Wewe una jeri moja na mama anayetaka kufulia. Na mti wa mapambo unaokunywa maji ya kufulia nguo za shule si pambo tena.

Utaniambia pia kwamba kazi hii ni ya serikali. Kweli, kaunti ingeweza kutupa miche inayofaa visiwani badala ya kutuletea chochote kilichopatikana, na sisi tuna haki ya kuuliza mche unatoka wapi na ni wa nini. Baringo waliletewa mathenge miaka ya nyuma kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Ukageuka kichaka cha miiba, na wananchi wakaishia mahakamani wakilalamika kuwa umewaharibia mbuzi meno. Nia njema peke yake haitoshi. Uliza kabla ya kupanda.

Ukishachagua, ngoja mvua. Masika ndiyo msimu, tangu Aprili. Chimba shimo la futi mbili kwa futi mbili. Mbolea ya bure iko mlangoni kwako: samadi ya punda, lakini iliyooza ikakauka, si mbichi, maana mbichi inaunguza mizizi. Toa mfuko wa plastiki. Funika shina kwa majani makavu ili unyevu usikimbie, ila usiyabane na gome. Chukua chupa ya lita moja, itoboe tundu dogo, ichomeke kando ya mche, ujaze maji kila jioni. Na weka ugo, tafadhali. Punda huyo huyo aliyekupa mbolea atakula mche wako asubuhi bila haya, na mbuzi wa jirani atamalizia.

Mche ukivuka kaskazi mbili, umepata mti. Hapo ndipo piga picha.

Mwaka jana nilipanda mkunazi mmoja tu, nyuma ya nyumba ya bibi, karibu na njia ya kwenda kisimani. Sikuuposti. Umeshakula kaskazi moja na umenifika kiunoni. Bibi humwagia maji aliyosuuzia mchele na huuita kwa jina langu, akinitania kwamba angalau kitu kimoja nimekimaliza.

Wewe je, wa kwako utakuwa upi, na nani atamwagia maji Februari?