GARI KUUKUU HALINA KOSA

Ndugu madereva na utingo wa Sironga,

Kila gari likizimika mlimani kati ya Kisii na Nyamira, matajiri husema: "Gari ni kuukuu, na dereva hajui kazi." Sisi twakataa maneno hayo.

Peugeot 504 ilishinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978, kisha ikabeba abiria wa Kenya miaka mingi, kwa sababu mafundi waliitunza. Probox za leo huja kutoka Japani zimekwisha kutumika, wala sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kinachoziua si umri. Ni oili isiyobadilishwa, na watu 10 penye nafasi ya 5. Uzito huo huvunja springi, na katika mteremko breki hupata moto hata zisishike.

Tusijifiche: kupakia ni mkono wetu. Lakini mkono huo husukumwa na hesabu ya siku, inayolipwa kwanza, na fundi mwisho. Gari likifa, tajiri hununua jingine. Dereva akifa, watoto wake hawanunui baba.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamkataza mwajiri kumrudisha mfanyakazi penye hatari kubwa kabla haijaondolewa. Basi tudai mawili: pesa za fundi zitengwe kabla ya hesabu, na ubovu uandikwe daftarini kila asubuhi.

Mmoja akikataa breki mbovu, atafukuzwa. Tukikataa sote, nani ataendesha?