Fedha za Ukarabati na Kamati ya Shule

Katika vyuo vyetu mwanachuo hufundishwa kwa bidii namna ya kuandaa azimio la kazi, andalio la somo na zana za kufundishia. Ni nadra kuulizwa afanyeje akikuta watoto watatu wamebanwa kwenye dawati la wenzao kwa kuwa bati la upande wao linavuja. Sisi twaona swali hilo ni la mbinu za kufundisha sawasawa na mengine, kwa maana hakuna mpangilio wa vikundi uwezao kufaulu katika chumba ambacho nusu yake haikaliki wakati wa masika.

Jengo la shule haliharibiki kwa siku moja. Msumari wa bati hulegea, maji hupenya na kulowesha mbao, mchwa hufuata, na baada ya miaka michache paa zima hubidi kuezuliwa. Sakafuni nako ufa mdogo wa saruji hugeuka shimo kwa kuburutwa madawati, kisha shimo hilo huvunja miguu ya madawati yaliyolichimba. Ndiyo maana twashikilia kwamba fedha kidogo ifikayo shuleni kila mwaka, ikatumiwa na watu walioko pale pale, ina faida kuliko fedha nyingi ijayo mara moja jengo likiwa limekwisha kuwa gofu.

Nchini Tanzania wazo hili si geni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilizitambua kamati za shule, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002, ukazipa kazi halisi: kusimamia ujenzi, kununua vifaa, na kubandika hesabu kwenye ubao wa matangazo ili kila mzazi azione. Ruzuku ilikadiriwa kwa dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambazo wakati huo zilikaribia shilingi 10,000. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kiwango kilikuwa shilingi 10,000 zile zile, ilhali dola 10 zilikuwa zimepita shilingi 20,000. Katika hizo, 4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 400 ilibakiwa na shilingi 2,400,000 kwa mwaka mzima, nazo zigawanywe kati ya vifaa, mitihani, uendeshaji na ukarabati. Mwenye kujua bei ya bati na mbao na apige hesabu.

Lakini kasoro iliyo kubwa zaidi kwa maoni yetu ni ya kipimo. Ruzuku huhesabiwa kwa vichwa vya wanafunzi, na bati halihesabu wanafunzi. Shule kongwe ya kijijini yenye watoto wachache ina paa pana sawa na ya mjini, tena lenye kutu, bali hupata fungu dogo. Yafaa serikali itenge fungu la ukarabati peke yake, lipimwe kwa idadi ya vyumba na umri wake, wala lisichanganywe na chaki na mitihani. Wapo wasemao wananchi wachangie. Wananchi wamechanga tangu zamani na hatuna ugomvi na kujitolea. Ila mwaka wa ukame hauna mchango, na mvua ya mwaka unaofuata haingoji mavuno.

Mwaka 2021 yalianza kujengwa madarasa 15,000 kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, mengi yakisimamiwa shuleni hapo hapo na mafundi wa mahali. Hapana shaka usimamizi wa karibu wawezekana. Misumari ya madarasa hayo nayo italegea, na msumari uliokazwa, kwa bahati mbaya, hauna mgeni rasmi wala utepe wa kukata.

Baadhi yenu mtakuwa walimu wakuu mapema kuliko mnavyodhani, na mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati. Usimamizi wa kamati si saini ya mwenyekiti kwenye karatasi iliyokwisha kujazwa. Kiangazi kinapoanza, zungukeni majengo pamoja na wajumbe na fundi asiyeitaka kazi hiyo. Andikeni katika daftari kasoro za kila chumba, bei yake, na ipi itangulie. Kikao kiamue, muhtasari uandikwe, hesabu ibandikwe. Daftari hilo ndilo litakaloisemea shule halmashauri itakapoulizwa fedha zaidi. Watoto wa darasa la sita waweza kupima eneo la sakafu na kukadiria mifuko ya saruji, nalo likawa somo zuri la Hisabati. Kazi yao iishie chini. Kupanda paani ni kwa fundi.