Usiuze kwa kukisia bei

Wadau, wengi mnauliza kama vitufe vya chokoleti nyeupe na limau vinalipa. Mimi nasema vinalipa, ila sio kwa bei ya kukisia.

Oveni haihitajiki. Chukua gramu 300 za chokoleti nyeupe, katakata. Pasha gramu 100 za krimu, mwagia juu, koroga. Weka maganda ya malimau mawili uliyokwaruza, acha igande, viringisha. Unapata kama vitufe 25.

Mara ya kwanza niliyeyusha chokoleti peke yake nikakamulia limau. Ikashikana mabonge, hela ikaenda. Chokoleti iliyoyeyuka haipatani na majimaji kidogo. Harufu iko kwenye ganda la njano. Ukifika kwenye nyeupe, uchungu.

Kosa la pili ndilo liliniumiza zaidi. Niliuza 500 kwa sababu ni hela rahisi kutoa. Nilipopiga hesabu ya chokoleti, krimu, gesi na boksi, kumbe kila mteja akila, mimi ndiye namlipia! Andika kila kitu, gawa kwa idadi ya vitufe, ndipo uongeze faida.

Baridi ya Mbeya inatubeba, hasa Juni na Julai. Oda ya Kyela usitume bila barafu, kule joto. Na inauma: kakao inalimwa Kyela, mkoani kwetu, lakini chokoleti nyeupe ninayonunua, inayotokana na mafuta ya kakao hiyo hiyo, imetoka nje. Ukiuza bei ya hasara, hata kale kafaida kadogo ka mwisho unakagawa bure.

Wewe unauza nini bila kujua gharama yake? Sema hapo chini.