Peugeot 404 ipo kwenye picha, wazee wetu wako wapi?

Wachoraji wetu wanapenda kutuchorea miaka ya 1960: Peugeot 404 inang'aa, bwana amevaa tai, redio iko mezani. Picha ni nzuri, na gari lile lilistahili sifa. Lilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, kwenye vumbi na matope. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba tu.

Lakini tusiwadanganye watoto. Miaka hiyo hiyo, maelfu ya watu walioanza kuikimbia Rwanda mwaka 1959 waliingia Uganda, Tanganyika, Burundi na Kongo, wengi kwa miguu. Wazazi wangu walikuwamo, wakiwa watoto. Mimi nikaja kusomea huko huko uhamishoni. Leo nikiwauliza wanafunzi wangu nani alikuwa na gari zama hizo, wananijibu: "Kila mtu." Ndivyo picha inavyowafundisha.

Ninyi wafanyabiashara wa mpakani mnaoziuza picha hizi, waombeni wachoraji wamweke pembeni mwa ile 404 mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Wanunuzi hamtawakosa. Wengi wetu tunaopita hapo, wazee wetu walivuka hivyo.